Kifua Changu na Mlima Kahuzi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa saba 1979

Somo langu la mwisho kabla ya kustaafu limeniharibikia. Nilikuwa nimesimama dirishani na fimbo, nikiwaonyesha wasichana Kahuzi kama nilivyowaonyesha wenzao kila mwaka, urefu wake, miti yake, mito inayotoka kule, mara nikasikia sauti kutoka benchi la nyuma: «Citoyenne mwalimu, weye ulishafika kule juu?» Nikamwambia aandike tarehe vizuri. Darasa zima likacheka, na mimi nikaona aibu hadi masikioni.

Sijafika. Nimeufundisha mlima ule tangu nikiwa msichana mwenyewe, na hata mguu wake sijaugusa. Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, nimekaa barzani, na nimeamua. Kiangazi hiki nitapanda Kahuzi na nitalala juu kule. Kulala ndilo jambo lenyewe. Kupanda na kushuka siku moja hata mbuzi anaweza.

Jumatano, tarehe 4

Xavier wa hisabati amesikia na amejialika. Colombe wa biolojia naye anakuja, kwa sababu ya maua. Xavier ni mwanamume aliyefiwa na mke zamani, na tangu hapo anasoma katalogi za Ulaya, zile zenye picha za mahema na viatu vya milimani. Amenieleza kwa muda mrefu, tukiwa tumesimama juani, kwamba juu ya Kahuzi mtu halali na blanketi. Analala ndani ya mfuko wa kulalia, na si mfuko wowote. Kuna mifuko ya bei ndogo, ambayo ni nguo ya kujidanganya, na kuna mifuko ya kweli, na wa kwake utatoka Ulaya kwa posta kabla ya mwezi wa nane. Xavier anachosha, lakini anajua kusoma.

Jumapili, tarehe 8

Baraza la familia limekaa kwangu baada ya misa. Ninasema baraza, ila alikuwa Bibiane akisema na sisi wengine tukisikiliza. Bibiane ni mtoto wangu wa pekee, ni muuguzi, na tangu avae blauzi nyeupe anadhani yeye ndiye aliyenizaa. Ni kweli niliugua nimonia mwaka juzi. Ni kweli pia kwamba alilala chini kando ya kitanda changu mpaka nikapona. Tangu wakati ule kila anaponisalimia ananiwekea sikio mgongoni.

«Maman, hii kifua yako miye najua,» akasema. «Miye njo nilikuwa nachoma ile masindano, hapana mulima.»

Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi, na nimeahidi mbele ya wote. Nikirudi kutoka Kahuzi bila kikohozi, hakuna mtu atakayetaja tena habari ya mimi kuhama. Nitabaki nyumbani kwangu hapa Nguba mpaka Mungu aniite. Nikirudi ninakohoa, ninafunga nyumba yangu na kwenda kukaa kwao Muhumba. Chumba kipo tayari. Wamekwisha kukipaka rangi ya waridi. Sikujua kwamba mtu hupakiwa chumba rangi kabla ya kuulizwa.

Mkwe wangu Jean-Marie alikaa kwenye ngazi, mgongo kwangu, kama kawaida yake. Alilelewa na babu yake kule Walungu, na adabu ya mkwe anaifuata kuliko wazee wenyewe. Hanitazami usoni, hali chakula mahali ninapokula mimi, na akiona nguo zangu zimeanikwa anazunguka kupitia migomba ya jirani. Alipoulizwa maoni yake alijibu tu, «Kama maman anapenda.» Nilitazama ule mgongo vizuri. Ulikuwa mgongo wa mtu anayeipimia nyumba yangu wapangaji.

Jumatatu, tarehe 9

Mlima hauonekani. Watu wanachoma mashamba, moshi umefunika kila kitu.

Jumamosi, tarehe 14

Baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, hata sijanawa vumbi la barabara, Bibiane ameniletea mfuko wa kulalia. Ameununua Kadutu kwa Almasi, yule mfanyabiashara wa Uvira anayeuza nyama upande mmoja na kila kitu kingine upande wa pili. Ni wa kijani, mwepesi, unanuka petroli, na tirette yake, zipu yenyewe, ukiivuta inakwama kifuani. Ndani kuna pamba. Nimeuliza kama hakukuwa na mzuri zaidi. Bibiane amesema mzuri zaidi hauko Bukavu yote, na Jean-Marie, kwenye ngazi, alikuwa anasikiliza.

Usiku nitaulalia hapa barzani, nione.

Jumapili, tarehe 15

Pamba yote ilihamia chini. Kufikia alfajiri miguu yangu ilikuwa Kindu kwenye joto na mabega yangu Ulaya. Nilipiga chafya mara moja kanisani, na Bibiane aligeuka kutoka benchi la tatu.

Sasa ninaanza kuelewa. Mfuko huu si wa bei ndogo kwa bahati mbaya. Kuna mtu anataka nikohoe, na Bibiane hana ujanja huo, ana woga tu. Anayebaki ni mmoja, na ana mgongo mpana.

Jumatano, tarehe 18

Mlima hauonekani. Sukari pia.

Jumamosi, tarehe 21

Nimemrudishia Almasi mfuko wake. Ameniwekea kiti, ameniagizia kahawa ya tangawizi, ameniuliza hali ya kila mtu wa nyumbani hadi kuku. Huyo ndiye Almasi: unakwenda kwake na hasira, unatoka na nusu kilo ya maini. Nimemwambia mfuko haufai. Ameweka mkono kifuani.

«Mama Bibiane, mfuko huu umelaliwa na askari huko Rumangabo, hakuna aliyerudi kulalamika.»

Nimemwambia labda hawakurudi kwa sababu ya baridi. Amecheka, kisha amenipa shauri ambalo Xavier, aliyekuwa anachagua misumari pale kando, amelipokea kwa furaha ya mwanasayansi. Almasi ana chumba cha baridi cha kuwekea nyama. Niingie humo na mfuko wangu, nilale kidogo. Nikisikia baridi, ananirudishia pesa. Nisiposikia, nanyamaza.

Alhamisi, tarehe 26

Nitaandika yote, maana mjini yanasimuliwa vibaya.

Niliingia kwa Almasi asubuhi. Chumba kilikuwa safi. Wamenitandikia turubai chini kati ya nyama zilizotundikwa, nikajiingiza katika mfuko, na tirette, ambayo siku zote hukwama kifuani, leo ikaenda moja kwa moja hadi kidevuni na kukwama huko. Xavier alisimama mlangoni na saa yake na kipimajoto alichoazima shuleni. Alikuwa anaandika. Kisha Almasi akamwita akanywe kahawa, akaenda, akaurudisha mlango ili baridi isitoke. Hakuwa na nia mbaya.

Nikalala pale. Mwanzoni nilijisikia vizuri, nikawa naona huruma kwa Almasi niliyemlalamikia. Baadaye pamba ilianza safari yake. Nikajaribu kufungua, tirette ikakataa. Nikaita, lakini mlango wa chumba kile umetengenezwa kwa ajili ya vitu visivyoita.

Mlango ulipofunguka alikuwa Eulalie, kiongozi wa kwaya ya parokia, ambaye haamini nyama anayochaguliwa na mtu mwingine na huingia kujitazamia mwenyewe. Aliona mfuko mrefu umelala chini, na juu yake nywele zangu. Nilitaka kumsalimia. Meno yalikuwa yanagongana, nikatoa sauti, nadhani si sauti nzuri. Eulalie aliuacha mlango wazi, akauacha mkoba wake, akapita katikati ya soko la Kadutu akisema kwamba Madame Madeleine wa jeografia amekufa na Almasi amemweka pamoja na ng'ombe.

Xavier na Almasi walinitoa kwa kisu cha nyama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na kahawa mkononi, na koti la Xavier mabegani, akina mama walipoingia. Vikwembe walishavifunga kiunoni na machozi yalishaanza. Waliponiona wakanyamaza, isipokuwa mmoja wa Nyalukemba aliyeendelea kidogo. Alisema amekwisha kuanza, hawezi kukata ghafla. Nyuma yao akaingia Bibiane, mbio kutoka hospitali, blauzi nyeupe, kiatu kimoja mkononi.

Sitasahau uso wake. Alinishika kichwa, akanishika mikono, akanigeuza, akaweka sikio mgongoni mbele ya watu wote na mbele ya nyama. Na mimi, wakati huo huo, nikakohoa.

Hakunigombeza. Alivaa kiatu chake pole pole. «Maman, hii haiko ya mulima, haiingie mu hesabu,» akasema. «Lakini ile chumba iko tayari.»

Ijumaa, tarehe 27

Benchi za kilio zimeletwa kwangu na gari. Nimezirudisha. Almasi ameshona mfuko alipouchana, kwa uzi mweupe, na amekataa kunirudishia changu kwa sababu mfuko sasa umetumika.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa nane

Kikohozi kimekwisha. Bibiane alipita kunisikiliza. Anasema kwao ni kimya sana siku hizi, redio ya Jean-Marie iko kwa fundi. Ile redio yenye kaseti, anayoifuta kwa leso kila jioni. Vumbi halijaifikia tangu ainunue, sijui imeharibikaje.

Mfuko wa Xavier bado uko posta.

Jumapili, tarehe 5

Kumetokea jambo, na sijui niliweke wapi.

Xavier amekuja saa za chakula, amevaa vizuri, na kitu kimefungwa katika kikwembe. Nilifungua nikadhani ni mkate. Ulikuwa mfuko wa kulalia, wa buluu, laini. Uliingia wote katika kifuko kidogo, na ulipotolewa ulivimba wenyewe taratibu mpaka ukajaza kiti. Ndani si pamba, ni manyoya ya bata. Tirette yake unaivuta kwa kidole kimoja na inazunguka hadi miguuni, ukitaka unaufungua wote kuwa shuka. Nilitia mkono ndani, na joto likanijibu. Sijawahi kutamani kitu cha dukani namna ile.

Nikamuuliza umetoka wapi. Akasema mtu amenitumia. Mtu gani? Hawezi kusema, ameapa. Nikamtazama, ndevu zimenyolewa, kola imepigwa pasi. Kwetu mwanamume hamletei mwanamke kitu cha kulalia. Anaweza kumletea ndizi, anaweza kumletea samaki wa Idjwi, hata kuni. Kitanda analeta mume, au anayetaka kuwa mume. Na Eulalie alikuwa anapita barabarani, akaona kila kitu, mfuko ukivimba na mimi nimetia mkono ndani.

Jumanne, tarehe 7

Parokia nzima inajua. Colombe ameniuliza tarehe. Almasi amenitumia maini na salamu za heri. Bibiane alikuja amefunga mdomo, akakaa, akasimama, akakaa.

«Maman, kama unataka kuolewa, sema. Lakini hapana mambo ya mulima sasa. Bantu banasema mulima iko ndoa.»

Nimemrudishia Xavier mfuko, kwa mikono yangu, mchana, mlango wazi. Ameumia. Amesema yeye si mchumba wa mtu. «Maman Bibiane, miye niko facteur tu, naleta mizigo ya bantu,» akasema, na amefunga mlango kwa adabu. Nilikwenda kulala na hasira, na kusema kweli, na majuto ya yale manyoya.

Ijumaa, tarehe 10

Nimebaki na pamba ya Almasi. Mlima hauonekani.

Jumapili, tarehe 12

Nilikuwa nyuma ya nyumba, ninatoa maharage katika maganda yake, nikasikia hodi upande wa pili wa ukuta wa mbao wa jikoni. Ilikuwa sauti ya Jean-Marie. Nikamwambia azunguke. Akasema hapana, pale panatosha.

«Maman, ile sac ya buluu, miye njo niliitafuta,» akauambia ukuta.

Mzungu mmoja wa shamba la chai alikuwa anarudi kwao. Jean-Marie alimpa redio yake, akachukua mfuko. Nikamuuliza kwa nini basi ampe Xavier.

«Ni kitanda, maman. Miye mukwe nitakuletea kitanda namna gani?»

Akaeleza kwamba alifikiri wiki nzima. Akimpa Bibiane, Bibiane angejua. Akituma dereva, dereva angesema. Xavier anakwenda mlimani, anajua mambo ya mifuko, ana siri. Aliona hesabu imekaa. Kwamba Xavier ni mwanamume asiye na mke, na kwamba watu wana macho, hilo halikumjia. Alikuwa amejali heshima yake upande mmoja tu.

Nikamuuliza swali lililobaki. Kama anataka nihamie kwao, kwa nini anitafutie mfuko usiopitisha baridi? Nikasikia anakuna mbao kwa ukucha.

«Maman, usikasirike. Nakuheshimu sana. Ukikuja kukaa kwetu, nitapita wapi? Nitaoga saa ngapi? Nguo zako zitakauka mu kiwanja, miye nitaingia mu nyumba na njia gani? Nitakula mu bureau kule kazi, maman. Nitazeekea mu bureau.»

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Mwezi mzima nimemwandika mtu huyu kuwa mwizi wa nyumba, na yeye alikuwa anauza furaha yake ili nyumba ibaki yangu. Nimemwambia: Jean-Marie, hata mimi nakuheshimu sana, na ninakuheshimu vizuri zaidi kutoka Nguba. Alicheka upande wake, mimi nikacheka upande wangu. Sijapata kuongea na mkwe wangu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Jumatatu, tarehe 13

Colombe ameufuata mfuko kwa Xavier, ameuleta chini ya mboga. Yeye atachukua wa Almasi. Ni kijana, ana damu. Nimemwomba Xavier msamaha. Amesema hisabati imemzoesha kueleweka vibaya. Mfuko wake haujafika.

Jumamosi, tarehe 18

Nimelala barzani katika manyoya. Sijui usiku ulipitia wapi.

Jumapili, tarehe 26

Ruhusa ya mbuga imepatikana, tunaondoka Jumatano. Nimejaribu viatu. Bote zangu ni za mpira, za kwa Almasi, zile wanazovaa wachimba mitaro. Xavier ana viatu vya ngozi vya Ulaya vyenye kamba nyekundu, alivyovinunua zamani kwa mzungu, na amezitazama bote zangu kwa huzuni. Mzigo wake ni mkubwa, umefungwa turubai na mikanda kama wa kwenye katalogi, na hataki mtu aubebe. Kwa hiyo posta imefanya kazi yake hatimaye.

Bibiane amenipa sweta, soksi, na chupa ya dawa. Alinisikiliza mgongo, akaacha sikio pale zaidi ya kawaida.

Alhamisi, tarehe 30

Nimekaa juu ya Kahuzi na ninaandika sentensi hii ili iwepo.

Jana tulilala kwenye nyumba ya walinzi Tshivanga, leo tumepanda na mlinzi anayeitwa Maneno, ambaye jina halimfai, maana tangu asubuhi amesema «hapa» na «panda» tu. Tumepita mianzi, tumepita matope, tumepita miti yenye ndevu. Kiatu kimoja cha Xavier kilifungua mdomo kabla ya katikati. Amepanda kikiwa kimefungwa kwa mshipi wa suruali. Bote za Almasi hazikuingiza hata tone. Nilisimama mara nyingi, magoti yalinisema vibaya, lakini nimefika kwa miguu yangu mwenyewe. Nililia kidogo. Colombe alijifanya anatazama ua.

Ukungu umefunga, hatuoni chochote. Upepo umebadilika. Maneno ametazama juu akasema «mvua», neno lake la tatu.

Jumamosi, tarehe mosi mwezi wa tisa

Sasa niko nyumbani, na ninaweza kuandika ya juzi.

Mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta juu kabla ya giza. Turubai ilizuia ya juu tu, ya pembeni iliingia. Maneno alijifunika koti lake la kazi, akalala. Nilikuwa nimeshaingia katika manyoya, nina joto hadi vidoleni, ninafurahi kwa uovu kabisa, nilipoona Xavier amekaa. Hakufungua mzigo wake. Colombe akamwambia atoe mfuko wake. Akasema bado. Meno yalikuwa yanamgonga. Mwisho Colombe alifungua mikanda mwenyewe.

Hakukuwa na mfuko. Kulikuwa na mablanketi mawili ya nyumbani, yamekunjwa vizuri, yamelowa kama yametoka ziwani. Posta haikuleta kitu. Alituambia, akiangalia pembeni, kwamba hakuwahi hata kutuma barua. Anasoma katalogi, basi. Bei zilizomo si za mwalimu. Nilimdharau mtu huyu kiangazi kizima kwa majivuno yake, na pale nikaona alikuwa anatamani tu, kama mimi.

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mfuko mmoja tu ndio ulikuwa na joto pale juu, na ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa mimi, na nyumba yangu ilikuwa ndani yake. Nilikiona kile chumba cha waridi waziwazi, hadi pazia. Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita vya kutosha. Kisha nikavuta ile tirette kwa kidole kimoja hadi miguuni, nikaufungua mfuko wote, na nikawaambia wasogee.

Tulitandika wa Almasi chini, wa buluu tukajifunika. Colombe alilala katikati kama ukuta wa heshima. Xavier aliomba msamaha kwa marehemu mke wake, kwa marehemu mume wangu, na kwa Colombe, kisha akaacha kutetemeka, akakoroma kwa Kifaransa. Mimi nilipata upande wa upepo.

Alfajiri mvua ilikuwa imefua hewa yote. Nilitoka peke yangu. Ziwa lilikuwa pale, Idjwi imelala katikati yake, milima ya Rwanda nyuma, na chini kabisa Bukavu, na rasi zake majini. Miaka yote nimesimama kule chini nikionyesha huku juu. Nilifurahi sana hata nikasema kwa sauti, hii ni yangu. Halafu nikakohoa.

Jumapili, tarehe 2

Walikuja baada ya misa. Tangu juzi ninakunywa tangawizi, lakini kikohozi kilikuwa kimekaa chini ya koo kikisubiri niseme neno refu. Nikaamua kusema maneno mafupi. Bibiane aliuliza kama nililala vizuri, nikasema ndiyo. Kulikuwa na baridi? Kidogo. Juu kukoje? Kiangazi kizima nilingojea mtu aniulize hivyo, na nikajibu, «Kurefu.»

Kikapanda. Nilikibana mpaka macho yakajaa maji, na kikatoka. Wakati uleule Jean-Marie, kwenye ngazi, mgongo kwetu, alikohoa kwa nguvu hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Bibiane akamtazama. Nikakohoa tena, naye akakohoa tena. Mara ya tatu aliwahi. Alikohoa kabla yangu, na mimi ikanibidi nimfuate peke yangu, katika kimya.

«Jean-Marie,» Bibiane akasema, «weye ulipanda mulima gani?»

Akasema ni vumbi. Bukavu yote ilikuwa imelowa.

Bibiane alisimama, akanigeuza, akapandisha blauzi yangu, akaweka sikio. Nilizuia pumzi. «Pumua, maman,» akasema. Nikapumua. Kilichokuwamo nilikisikia hata mimi mwenyewe, hakihitaji shule ya uuguzi. Alikaa hapo muda mrefu sana. Shavu lake lilikuwa la moto. Nikaona afadhali niseme mimi kuliko yeye.

«Bibiane, nilikuwa na furaha kule juu. Lakini niliahidi. Kama ni kuja, nitakuja.»

Nilihisi mgongo unalowa, nikajua analia, na nikajua ni ule usiku wa nimonia anaoulilia, siyo huu. Kisha akanifuta kwa kiganja, akashusha blauzi, akaivuta sawa kama ninavyopenda.

«Iko safi,» akasema.

Jean-Marie alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa mno. Bibiane aligeukia ule mgongo, akauambia kwamba chumba cha waridi apake rangi ingine, aweke mule redio yake, siku mzungu wa chai atakapoirudisha. Jean-Marie hakukohoa tena. Walinywa chai, wakaenda.

Saa kumi na moja Bibiane alirudi peke yake, na mfuko wake wa kazi. Alichemsha sindano jikoni kwangu bila kuniuliza kitu, na mimi sikumuuliza kitu. Nililala kifudifudi juu ya kitanda changu. Akanichoma penisilini ya kifua kilicho safi, akanifunika, akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda ameshika mguu wangu. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, atapita hapa kwangu kunichoma ya pili.